Nimeshabadilisha, Jaribu Tena

Huda alinipigia Alhamisi saa tatu asubuhi, ndiyo kwanza nafungua dirisha la ofisi.

"Dada Avelina, Mazin ameshafika. Kesho baada ya Ijumaa tunamsomea Mama hitma ya arobaini. Ile rekodi tunaiomba leo, saa kumi jioni, inshallah."

"Hamna shida dada Huda," nikamjibu. Mie ndiyo maneno yangu hayo. Hata nyumba ikiungua nitasema hamna shida kwanza, maji nitayatafuta baadaye.

Ngoja niwaeleze kazi yangu, maana watu wakisikia mtu wa kompyuta wanadhani natengeneza printa. Sie tunarusha shughuli mubashara. Ofisi yetu ni chumba kimoja Kibamba, juu ya duka la mabati, mie na bosi wangu Tusajigwe, Mnyakyusa mmoja mwenye sauti kubwa kuliko mshahara anaolipa. Harusi, sendofu ya kumuaga bibi harusi, kipaimara, msiba, vyote tunarusha. Ndugu walioko mbali wanapewa linki, wanakaa kwao wanatazama.

Wateja wetu wakubwa ni familia za Kiarabu za huko Ukonga na Temeke. Hao hawana mchezo. Shughuli ya akina mama, wamevaa, nywele nje, wanacheza, halafu kipande kimoja kivuje kiingie kwenye simu za mtaa? Weee! Utahama mji. Kwa hiyo kila video tunaifunga kwa kufuli la hesabu, na asiye na ufunguo haoni kitu.

Sasa ufunguo huo una namna mbili za kufungia, sie tunaziita kaunta na cheni. Kwenye kaunta kila kipande cha video kinafungwa kwa namba yake, moja, mbili, tatu, kila kimoja kinajitegemea. Kwenye cheni kila kipande kinafungwa kikiwa kimeshika mkia wa kilichotangulia. Ufunguo ni uleule. Ishu ni simu za watu. Simu za bei ya chini na ving'amuzi vya zamani vinaelewa kaunta. Aifoni inataka cheni, na ukiipa kaunta inakaa giza, kiduara kinazunguka mpaka uote mvi. Mashine yetu ni ndogo, haiwezi kurusha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo kila asubuhi nachagua moja. Na baadaye, wakati wa kuifungua rekodi, ukichagua isiyo yenyewe, mashine haikwambii umekosea. Inafungua tu, inakupa uchafu, inanyamaza.

Rekodi aliyoitaka Huda ilikuwa ya mama yake, Bi Wahiba, na haikuwa ya harusi.

Bi Wahiba aliuza vitambaa Temeke karibu miaka arobaini. Mwanawe wa kiume, huyu Mazin, alikwenda Maskati miaka kumi na miwili iliyopita. Baba yao alipofariki, Mazin hakuja kumzika. Matanga hayakumwona, arobaini haikumwona. Alikuwa na sababu zake, mie sikuziuliza. Bi Wahiba akatamka mbele ya watu kwamba hana radhi na mtoto yule, na neno hilo akakaa nalo miaka saba. Hata sie Wahaya tunaogopa mdomo wa mama, lakini wale, jamani, mtu asiye na radhi ya mama yake hata ajenge ghorofa hana kitu.

Moyo ulipoanza kumchosha, Huda alimbembeleza wiki tatu nzima mpaka akakubali kuongea na mwanawe. Masharti yake mawili: Mazin amwone uso alivyokwisha, na chumbani asibaki mtu. Kule Maskati simu za video za bure zinasumbua, ndipo Huda akatuita sie.

Nilikwenda kufunga kamera mwenyewe. "Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hicho kijicho ndicho atakachonionea?"

"Ndicho bibi."

"Na mie sauti yake nitaisikia wapi?"

Nikamwonyesha spika ndogo kwenye kimeza cha dawa. Nikamweleza kwamba video ikishafunguka kwenye simu ya Mazin kinatokea kitufe, akikibonyeza akaongea, sauti itatokea pale. Akaishika ile spika, akaigeuza, akairudisha karibu na mto. Kisha nikamwambia Huda azime simu zote za nyumba ile, maana simu ikiita inaharibu sauti. Ni sheria yangu ya harusini. Nikaondoka, nikarudi Kibamba kuendesha kutoka ofisini.

Mama aliongea dakika thelathini na nane mlango umefungwa. Alipomwita Huda aje azime, hakusema lolote zaidi, akageukia ukutani. Magharibi kauli ikakatika, simu za nyumba bado zimezimwa. Alfajiri akafariki. Wakamzika siku ileile, na Mazin akawa tena hakuwahi.

Na Mazin hakuona kitu. Kwake kulikuwa giza tupu. Kwa hiyo hakuna binadamu aliyejua mama alisema nini mle chumbani, kama alimpa mwanawe radhi au aliondoka nayo. Jibu lilikuwa kwenye diski yetu, na yule mtu alikuwa amelingoja siku arobaini.

Haya. Nikakaa kwenye mashine, nikachukua daftari langu. Kila shughuli naandika nilichagua nini, na namba ambayo mashine ilianzia kufungia. Nikalikuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: Ukonga, Bi Wahiba, cheni. Nikaandika amri, cheni, ufunguo, namba ya kuanzia, nikabonyeza.

Hapa lazima niseme tabia yetu ya kazi, na aliyeianzisha ni mie. Diski zetu zinajaaga kila wiki. Kwa hiyo niliunganisha mambo yote yakawa amri moja: inafungua rekodi, inaifuta ile iliyofungwa, halafu inaibana hii iliyofunguliwa iwe nyepesi ipite WhatsApp, halafu inaifuta ile nzito. Unabonyeza mara moja, unaenda kunywa chai. Miaka minne sijawahi kujuta.

Nikamimina chai. Nikaichungulia video wakati inabanwa.

Vibox vya kijani na vya pinki. Skrini nzima vinarukaruka, na sauti kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Nikapeleka mbele. Vibox. Nikapeleka mwisho kabisa. Vibox.

Ile iliyofungwa ilishafutwa. Ya kubana ilikuwa imefika asilimia sitini na moja, na ikimaliza tu itafuta na hii.

Sikufikiri. Niliruka nikachomoa waya ukutani, chai ikamwagika kwenye daftari.

"Umeme umekatika?" Tusajigwe akapiga kelele kutoka kwenye ngazi.

"Nimechomoa."

"Umechomoa? Wewe una wazimu?"

Nilikaa chini sakafuni. Nimeshawahi kupoteza picha za watu. Nilipoteza video ya keki ya harusi ya watu wa huko Wazo, wakanitukana, nikatukana na mie, yakaisha. Harusi wanao mashahidi mia tatu. Lakini hii! Maneno ya mwisho ya mama wa watu, hayana nakala, hayana shahidi, na aliyeyasema yuko chini ya udongo. Yesu na Maria, nilisema, nimemuua mara ya pili.

Tusajigwe akaingia, akasikiliza, akakuna kidevu. "Sasa unalia nini? Waambie diski imekufa. Diski si zinakufaga kila siku? Nani atajua?"

"Tusajigwe, nyamaza kidogo."

"Nakusaidia."

"Husaidii! Nyamaza!"

Akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nami nikabaki najiuliza: kama daftari linasema cheni, na nimefungua kwa cheni, kwa nini ni uchafu? Ufunguo ulikuwa sahihi, nimeusoma mara mbili. Hesabu haidanganyi. Basi aliyedanganya ni daftari, na daftari hilo anayeandika ni mie peke yangu.

Ndipo ile siku ikanirudia yote.

Siku ile nilikuwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja. Chumba cha Bi Wahiba Ukonga, na sendofu kubwa hapahapa Kibamba, ukumbi umejaa, mama wa bibi harusi ananipigia kila dakika kwamba dada yake aliyeko Mbeya haoni vizuri. Zote kwenye mashine moja. Asubuhi nilichagua kaunta, maana watazamaji wa sendofu wote walikuwa na simu za kawaida. Kuuliza Mazin ana simu gani, sikuuliza.

Akanipigia. "Sista, mie Mazin wa Maskati. Kwangu giza, kiduara kinazunguka."

"Ni aifoni?"

"Ndiyo."

"Subiri braza, itakaa sawa."

Akapiga tena. "Sista, bado. Mama ameshaanza kuongea?"

"Ameshaanza, usijali, inarekodiwa, utaiangalia baadaye." Hilo ndilo tunalowaambiaga watu wa harusi.

Akapiga mara ya tatu. Kubadilisha kwenda cheni maana yake nizime mashine niiwashe upya, na nikizima, sendofu nzima inakatika bibi harusi akiwa anaingia ukumbini. Nilikuwa na hasira, njaa inaniuma, simu mbili masikioni. Nikamwambia, "Nimeshabadilisha, jaribu tena."

Sikuwa nimebadilisha kitu. Nikakata. Halafu, ili Tusajigwe akikagua aone nilimhudumia mteja wa Maskati, nikaandika kwenye daftari: cheni. Baada ya siku tatu nilikuwa nimeshasahau kama ni uongo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda siku arobaini, ikarudi, ikanikuta nimekaa palepale kwenye kiti.

"Ilikuwa kaunta," nikasema kwa sauti.

"Hata kama," Tusajigwe akasema. "Ya kufungua kwa kaunta iko wapi? Umeshaifuta. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nusura nikubaliane naye. Lakini nikamwangalia, kisha nikaiangalia ile mashine iliyozimwa, nikaanza kufikiri polepole, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kufungua kimakosa siyo kuchoma moto. Ni hesabu, na hesabu ina kurudi. Mtu akijumlisha saba kimakosa anatoa saba, anarudi alipokuwa. Nikiuchukua ule uchafu, nikaufunga kwa cheni ileile, kwa ufunguo uleule, kwa namba ya kuanzia ileile, hauna pa kwenda isipokuwa kurudi kuwa ile rekodi iliyofungwa, kama ilivyokuwa kabla sijaigusa. Halafu naifungua kwa kaunta.

Ilimradi uchafu wenyewe uwepo. Ilimradi sijachelewa kuchomoa waya.

Nikauchomeka. Mashine ikachukua dakika nne kuwaka, na katika dakika zile nne niliahidi mambo mengi sana kwa Mungu, mengine sitayatimiza. Nikafungua folda. Ile nzito ipo. Nzima, na ukubwa wake uleule. Daftari nalo lilikuwa limelowa chai, namba ya kuanzia inasomeka nusu, nusu nyingine nikaisoma kwa kuinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kabla ya kitu chochote nikatoa nakala mbili. Miaka minne, hiyo ndiyo siku ya kwanza kutoa nakala.

Nikafunga kwa cheni. Nikafungua kwa kaunta. Mkono ulikuwa hautaki kubonyeza, nikaubonyeza kwa mkono mwingine.

Na uso wa Bi Wahiba ukatokea. Mtandio mweupe, mashavu yamezama, macho yanaangalia moja kwa moja. Nilipiga kigelegele mpaka watu wa mabati chini wakauliza kuna nini. Tusajigwe mwenyewe akanipiga begani, "Mwanamke mchawi wewe!" Nikacheka na kulia pamoja.

Sasa, mambo ya ndani ya wateja hatuyasikilizi. Utaratibu wetu ni kupima sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, sekunde kumi kumi, tuhakikishe picha na sauti vinaenda pamoja. Nikavaa spika za masikioni. Mwanzo: "Asalaam aleikum, mwanangu. Mie sikuoni, lakini wewe waniona, kwa hiyo usishtuke nilivyo." Safi. Nikapeleka katikati, kidole kikapitiliza mbele.

Bi Wahiba alikuwa amelala ubavu, ameishika ile spika ndogo sikioni kwa mikono miwili.

"Mazin? Mbona hunijibu?"

Nikazivua zile spika nikazitupa mezani. Mwisho sikuupima. Nilikuwa nimeshaelewa, na woga ule wa kwanza, wa kupoteza rekodi, niliuona ni mchezo wa watoto.

Alikuwa anamngoja amjibu. Kitufe hakitokei mpaka video ifunguke. Video haikufunguka kwa sababu ya kaunta yangu. Mazin angeweza kukimbia kwa jirani akaazima simu nyingine, lakini mie nilimwambia nimeshabadilisha, kwa hiyo alikaa akangoja. Na simu zote za nyumba ile nilizizimisha mwenyewe.

Tusajigwe alikuwa amenisoma uso. "Mbaya?"

"Mbaya."

Akaangalia kwenye skrini, mafaili yote mawili yapo, ule uchafu na hii safi. "Basi peleka ule," akasema, na safari hii alisema taratibu. "Siyo kwa ajili yetu. Kwa ajili ya huyo kaka. Mwambie iliharibika siku ileile. Atalia, atapoa. Hiyo nyingine ataishi nayo vipi?"

Na msinione mwema. Nililifikiria hilo mpaka saa saba mchana. Nikanakili uchafu kwenye flashi moja, rekodi safi kwenye flashi nyingine, nikaziweka zote kwenye mkoba, nikawa naogopa kuzishika. Nikipeleka uchafu, ataishi hajui. Nikipeleka safi, atajua mama yake alikufa akiamini amegomewa. Kipi ni huruma? Sijui mpaka leo. Nilichagua kwa woga tu. Niliogopa kumdanganya mtu yule mara ya pili kuliko nilivyoogopa kukaa mbele yake akisikia.

Ukonga nilifika saa kumi kasoro. Uani akina mama wanachambua mchele wa kesho, wananikaribisha, "Karibu dada wa kamera." Huda akaniingiza chumba kilekile. Kitanda kimeondolewa, wametandika zulia, televisheni iko ukutani. Mazin akasimama kunipokea. Mwembamba, ndevu zina mvi, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Nilipotoa salamu akanitazama sana.

"Sista, hii sauti! Si wewe uliyekuwa kwenye simu?"

"Ndiyo mie."

"Allah akulipe. Nilikusumbua sana siku ile, ukanivumilia."

Nilitamani zulia linimeze. Nikachomeka flashi, mikono inakosea tundu mara mbili, Huda akanisaidia. Nikakaa karibu na mlango.

Sitasema yote aliyosema Bi Wahiba, mengine ni ya kwao. Alimsimulia habari za duka, nani kazaa, nani kafa. Akasema, "Baba yako siku ya mwisho alikuwa anauliza, Mazin ameshafika? Nikamwambia yuko njiani. Uongo huo nimeubeba mpaka leo, ndio ulionifanya nikukasirikie." Mazin akainamisha kichwa. Huda akamshika goti.

Halafu mama akavuta pumzi, akasema, "Mwanangu, radhi ninayo hapa. Sikufichi. Nimechoka kuishika. Lakini uiombe, nikusikie kwa masikio yangu. Neno moja tu, Mama niwie radhi. Nitakupa hapohapo."

Na akanyamaza, akaangalia spika.

Kimya kile, jamani. Ulisikika upawa wa jikoni nje ukigonga sufuria, na upawa mwingine ndani ya rekodi pia.

"Mazin?" Akaichukua spika, akaitikisa kidogo, akaiweka sikioni. "Labda waona haya. Haya, nakungoja. Mie sina haraka."

Akangoja. Dakika sita na nusu kwa saa ya televisheni. Mara anaangalia kamera, mara anafumba macho, mara midomo inacheza bila sauti. "Mazin? Mbona hunijibu? Wanisikia, mwanangu?" Akangoja tena. Kisha akaishusha spika taratibu, akairudisha kwenye kimeza, akaisogeza mbali na mto.

"Basi. Kama hata neno moja ni zito, basi. Huda! Njoo uzime."

Ikaisha. Hakuna aliyelia. Mazin alikuwa anaiangalia skrini nyeusi.

"Alidhani nimemnyamazia," akasema.

"Kaka Mazin," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, "hukumnyamazia. Ni mie." Nikawaeleza. Niliwaambia kaunta na cheni, nikawaambia sendofu, nikawaambia kwamba nilisema nimeshabadilisha na sikuwa nimebadilisha kitu. Nikaeleza mpaka na uongo wa daftari.

Huda alisimama. "Ulijua nyumba ilipo! Ungempigia hata jirani! Ungetuma mtu! Mama yangu kafa na donge hili, Avelina, kwa sababu ya sendofu?"

"Ndiyo dada."

"Usiniite dada."

Mazin hakupiga kelele. Ningeomba apige. Aliniangalia bila chuki yoyote, kama mtu anayekumbuka jambo.

"Uliponiambia umebadilisha," akasema, "nilikwenda kutawadha. Nikavaa kanzu safi. Nikakaa mbele ya simu. Sikuona kitu, lakini nikasema labda sauti inafika. Nililisema hilo neno, sista. Nililisema zaidi ya mara ishirini. Nilikuwa nakiambia kile kiduara."

Huda akaketi tena, mtandio mdomoni.

"Irudishe," Mazin akaniambia. "Pale anaposema niombe."

Nikairudisha. Bi Wahiba akasema neno moja tu, nitakupa hapohapo, akanyamaza akaangalia spika. Mazin akasogea kwenye zulia kwa magoti mpaka karibu na televisheni.

"Mama, niwie radhi."

"Mazin?" mama akasema, akaitikisa spika, akaiweka sikioni.

"Nipo, Mama. Niwie radhi."

"Labda waona haya."

"Sioni haya, Mama. Wallahi sioni."

"Haya, nakungoja. Mie sina haraka."

Mazin akamwomba dakika sita na nusu. Kila mama aliponyamaza, yeye aliomba, na mama akainamisha sikio kama mtu anayesikia kitu kwa mbali. Alipoanza kuishusha spika, Mazin akainua mkono.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Mama akabaki na spika mkononi, hajaitua.

"Usiifikishe pale anaposema basi," Mazin akasema. "Irudishe tena."

Nikairudisha. Mara ya tatu Huda alitoka nje, nikasikia akina mama wanamuuliza, naye hawajibu. Mie sikuthubutu kuinuka. Adhana ya magharibi ilitukuta palepale, Mazin kwa magoti, mie na rimoti, akisema irudishe, nairudisha.